Tabaka, kipato au shule uliyosoma: India igawe vipi nafasi za chuo kikuu?

Waombaji wanne wanagombea kiti kimoja cha uhandisi wa kompyuta katika chuo cha serikali kuu ya India. Wa kwanza ni binti wa Kimusahar, mojawapo ya jamii za Wadalit walio chini kabisa ya ngazi ya matabaka, kutoka wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar. Wazazi wake ni vibarua wa mashambani, na shule alizosoma zote ni za serikali. Wa pili ni kijana wa Delhi. Kisheria ni Mdalit kama yule binti, ila baba yake ni ofisa mwandamizi serikalini na tuisheni amelipiwa miaka nenda rudi. Wa tatu ni mtoto wa Kibrahmin, tabaka la juu kabisa, kutoka mji mdogo wa Uttar Pradesh, baba yake mpishi wa hekaluni, nyumba ya kubangaiza. Wa nne ni Myadav, wa tabaka la wakulima na wafugaji, ukoo wenye ardhi, matrekta na sauti kwenye siasa za wilaya.

Nimewabuni mimi, lakini kila mmoja ana kisanduku chake kwenye fomu halisi ya maombi. Ukishika kipimo cha tabaka la kuzaliwa utapata jibu moja, ukishika kipato utapata jingine, na ukiangalia shule na wilaya mtu alikotoka utapata la tatu. India imevijaribu vyote vitatu, kwa hiyo tunaweza kuvilinganisha kwa yaliyotokea, tukaachana na nadharia. Upande wangu nausema mapema: tabaka libaki kuwa kigezo kikuu, lakini lisiachwe peke yake, maana ndani ya kundi moja wapo wanaokula kwanza siku zote.

Mgawo ulivyo leo

Katika taasisi za serikali kuu, zikiwemo IIT za uhandisi, kila viti 100 hugawanywa hivi:

| Kundi | Viti | Sharti la kipato |
|---|---|---|
| SC: Wadalit, waliokuwa wakiitwa "wasioguswa" | 15 | Hakuna |
| ST: makabila yaliyoorodheshwa | 7.5 | Hakuna |
| OBC: matabaka mengine yaliyoachwa nyuma | 27 | Lipo |
| EWS: wenye kipato duni wasio SC, ST wala OBC | 10 | Lipo |
| Viti vya wazi | 40.5 | Hakuna |

Watu husoma safu ya mwisho vibaya. Viti vya wazi si "vya Wabrahmin". Mdalit akipata alama za kuingia kupitia viti vya wazi, anahesabiwa huko, na vile 15 vya SC vinabaki kwa wengine. Walemavu nao wana asilimia 5 inayokata ndani ya makundi yote. Majimbo yana hesabu zao. Tamil Nadu, kwa mfano, imetenga viti 69 katika kila 100.

Na kwa mzazi wa Nairobi au Dar anayempeleka mtoto kusoma Pune au Bengaluru: mgawo huu haukuhusu. Nafasi za wanafunzi wa kigeni huongezwa juu ya idadi ya kawaida, hazichukuliwi kwa mtu.

Kipimo cha kwanza: tabaka

Hiki ndicho kikongwe na ndicho chenye historia nene. Katika jimbo la Madras, miaka michache ya mwanzo baada ya uhuru, viti vya vyuo vya udaktari na uhandisi viligawanywa kwa mafungu ya 14: sita kwa Wahindu wasio Brahmin, viwili kwa Wahindu walioachwa nyuma, viwili kwa Wabrahmin, viwili kwa Wadalit, kimoja kwa Wakristo na machotara wa Kiingereza, kimoja kwa Waislamu. Kila jamii na fungu lake, hata waliokuwa juu.

Mwanamke wa Kibrahmin, Champakam Dorairajan, alipeleka shauri mahakamani akisema mgawo huo unamfungia njia ya udaktari kwa sababu ya kuzaliwa kwake tu. Mwezi Aprili 1951 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye. Haikupita miezi mitatu, bunge likabadilisha katiba kwa mara ya kwanza kabisa tangu ianze kutumika, likaongeza kifungu cha 15(4) kinachoiruhusu dola kuweka utaratibu maalumu kwa walioachwa nyuma. Yaani marekebisho ya kwanza ya katiba ya India, pamoja na mambo mengine, yaligusa nani aingie chuo cha udaktari. Waziri wa sheria wakati huo alikuwa B. R. Ambedkar, Mdalit aliyeongoza kamati ya kuandika katiba yenyewe.

Kisa cha Ambedkar ndicho kinachonifanya niwe mgumu kuwaelewa wanaosema umaskini pekee ndio upimwe. Mwaka 1917 alirudi India kutoka masomoni Columbia, Marekani, na London, akaajiriwa na utawala wa Baroda uliomsomesha. Elimu alikuwa nayo, ajira anayo, mshahara anao. Nyumba ya kupanga hakupata. Alijibanza kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la uongo, na walipogundua ni nani wakamtoa kwa fimbo mkononi. Kipimo gani cha kipato kingemwona mtu huyu?

Mwaka 1962 hukumu ya kesi ya Balaji, iliyotoka jimbo la Mysore, ikaweka wazo kwamba mgawo usivuke asilimia 50. Mwaka 1990 waziri mkuu V. P. Singh akatangaza kutekeleza ripoti ya tume ya Mandal juu ya matabaka yaliyoachwa nyuma, iliyokuwa imelala kabatini miaka kumi, na kuwatengea OBC asilimia 27 ya ajira za serikali kuu. Miji ikawaka moto; wanafunzi wengine walijichoma hadharani. Mwaka 1992, katika kesi ya Indra Sawhney, Mahakama ya Juu ikapitisha mgawo huo lakini ikaamuru waliokwisha kuneemeka ndani ya OBC watolewe. Kwa upande wa vyuo, OBC waliingia kwa sheria ya mwaka 2006, na mahakama ikaithibitisha Aprili 2008. Serikali ilitumia akili moja hapo: iliongeza idadi ya viti vyote kwa kiasi cha asilimia 54, ili viti vya wazi visipungue hata kimoja. Ukitaka kuona mgawo unaoanzishwa bila kumnyang'anya mtu kilichokuwa mkononi, mfano ndio huo, ingawa gharama ya madarasa, mabweni na walimu ilikuwa kubwa.

Je, kipimo hiki kinawafikia wanaolengwa? Wachumi Marianne Bertrand, Rema Hanna na Sendhil Mullainathan walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya vyuo vya uhandisi India. Walikuta kwamba anayeingia kwa mgawo anatoka, kwa wastani, kwenye nyumba duni kuliko yule wa tabaka la juu anayekosa kiti kwa sababu yake. Tena wanaoingia kwa alama za chini hunufaika kimaisha. Hoja kwamba wanatupwa mahali wasipopaweza haikusimama. Lakini utafiti huohuo ulikuta doa: mgawo wa tabaka ulipunguza idadi ya wanawake walioingia. Wengi wanaounukuu hulipita doa hilo kimyakimya.

Udhaifu wake mkubwa hauko langoni, uko ndani. Tume ya jaji Rohini, iliyoundwa mwaka 2017 kuchunguza OBC, ilipitia ajira na nafasi za vyuo vya serikali kuu ikakuta asilimia 97 zimechukuliwa na takriban robo moja tu ya jamii zilizomo katika kundi hilo. Jamii 983 hazikuwa na hata mtu mmoja. Myadav wetu mwenye matrekta yuko kwenye ile robo. Mfinyanzi au mvuvi wa jimbo lilelile ni OBC kama yeye kwenye karatasi, na kwenye orodha ya waliochaguliwa humwoni.

Upande wa SC hali inafanana, tena kule hakuna hata sharti la kipato. Kijana wa Delhi, mtoto wa ofisa, na binti wa Gaya wanapangwa kwenye foleni moja ya viti 15. Aliyelipiwa tuisheni mjini Kota, Rajasthan, ambako maelfu ya vijana hukaa mwaka au miwili wakijinoa kwa mtihani mmoja, na aliyesomea taa ya chemli wanashindana kana kwamba walianzia mstari mmoja. Utabashiri mwenyewe nani anatangulia.

Punjab iliona tatizo hili mapema. Tangu 1975 ilitenga nusu ya viti vya SC kwa Wavalmiki na Masingasinga wa Kimazhabi, jamii za chini kabisa. Baada ya kesi za miaka mingi, Agosti 1, 2024 majaji sita kati ya saba wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba majimbo yanaruhusiwa kuligawa kundi la SC ndani kwa ndani. Telangana ni mojawapo ya majimbo yaliyotekeleza baada ya hukumu hiyo: Aprili 2025 ilizigawa jamii zake 59 za Kidalit katika mafungu matatu, ya asilimia 1, 9 na 5. Hapa ndipo kipimo cha tabaka kinapoanza kunishawishi kikamilifu.

Kuna jambo la karatasi pia. Cheti cha tabaka mara nyingi hutolewa na tehsildar, ofisa ambaye kazi yake hasa ni kumbukumbu za ardhi na kodi. Cha SC ukishakipata hakidai kuhuishwa kila mwaka. Cha OBC, kwa maombi ya IIT na vyuo vya ngazi hiyo, lazima kiwe kimetolewa kuanzia Aprili 1 ya mwaka huohuo, kwa sababu kinathibitisha pia kwamba familia haijaneemeka. Ukichelewa ukapakia cha mwaka jana, mfumo unakuhesabu mwombaji wa kawaida, na kiti ulichokitarajia kinateleza kwa sababu ya muhuri.

Wasomaji wa pwani yetu watavutiwa na Wasidi, watu wa asili ya Afrika Mashariki walioko Gujarat na Karnataka, wazao wa watumwa, mabaharia na askari waliovuka bahari karne kadhaa nyuma. Wamo kwenye orodha ya ST. Lakini orodha ya Gujarat inataja wilaya za eneo la Saurashtra, zikiwemo Junagadh, Rajkot na Jamnagar, na ile ya Karnataka iliwaingiza wa Uttara Kannada mwaka 2003. Msidi wa Junagadh ana haki ya kile kiti. Ndugu yake wa ukoo huohuo, sura hiyohiyo na ngoma hizohizo, akiwa na asili ya Bharuch, hana. Mwaka 2020 Shantaram Siddi aliteuliwa kuingia baraza la juu la bunge la Karnataka, Msidi wa kwanza kufika hapo, na kwa jamii iliyokuwa ikiishi msituni pembeni ya dunia hilo si jambo dogo.

Kasoro nyingine ni dini. Hadhi ya SC ni ya Wahindu, Masingasinga (tangu 1956) na Wabudha (tangu 1990) tu. Mdalit akibatizwa au akisilimu anaipoteza, kana kwamba jirani aliyekuwa akikataa kupokea maji mkononi mwake ataanza kuyapokea Jumatatu. Sioni utetezi wa hili.

Kipimo cha pili: kipato

Mwezi Januari 2019, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, bunge la India lilipitisha marekebisho ya 103 ya katiba kwa siku chache tu, likaanzisha EWS. Masharti yake: kipato cha familia kiwe chini ya rupia laki 8 kwa mwaka, shamba lisifike ekari 5, nyumba isifike futi za mraba 1,000, na kiwanja cha mjini kisifike yadi za mraba 100. Halafu sharti lililo zito kuliko yote: usiwe SC, ST wala OBC.

Kwa jina ni mgawo wa maskini. Kwa kweli ni mgawo wa maskini wa matabaka ya juu. Binti wa Gaya, ambaye baba yake analipwa kwa siku, haruhusiwi kuugusa.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na Novemba 7, 2022 likapita kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Waliopinga walikuwa jaji mkuu U. U. Lalit na jaji S. Ravindra Bhat. Bhat ndiye aliyeandika hoja yao, akarejea takwimu za tume ya Sinho ya wenye kipato duni, ileile ambayo serikali iliitegemea: waliokuwa chini ya mstari wa umaskini ni karibu asilimia 48 ya ST, 38 ya SC, 33 ya OBC, na 18 ya wengine. Ukipima umaskini peke yake bila kumzuia mtu, wengi watakaoingia watatoka makundi matatu ya kwanza. Ukiwazuia hao, unabaki na kitu kingine kabisa.

Namtetea hata hivyo mtoto wa mpishi wa hekaluni. Umaskini wake si wa kuigiza. Kabla ya 2019 hakuwa na pa kushika: tuisheni hawezi, viti vya wazi vinamezwa na watoto wa wenye nazo, na kila alipofungua mdomo aliambiwa babu zake walikuwa wakubwa. Ukimwambia hivyo kijana wa miaka kumi na minane mwenye njaa, usitarajie akuelewe. EWS imemwona. Tatizo ni kwamba imemwona pamoja na umati mkubwa, kwa sababu rupia laki 8 kwa mwaka si kiwango cha maskini India. Ni zaidi ya rupia 66,000 kwa mwezi, na sehemu kubwa mno ya familia za nchi hiyo ziko chini yake. Mtoto wa mpishi anashindana humo na mtoto wa mhasibu anayepata laki 7 na nusu. Atakayeshinda ni nani?

Na hapa kuna kichekesho cha kanuni. OBC nao kikomo chao ni laki 8, lakini ile laki 8 si hii. Kwa OBC, mshahara na mapato ya kilimo havihesabiwi kwenye kipimo cha kipato. Kinachoangaliwa ni cheo cha mzazi serikalini, ukubwa wa ardhi kwa kipimo chake tofauti, na mapato mengine kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa EWS kila senti huhesabiwa, mshahara, shamba na biashara, kwa mwaka mmoja uliopita. Kwa hiyo makarani wawili wa serikali, mume na mke, wanaweza kwa pamoja kuvuka laki 8 na mtoto wao akabaki OBC halali. Familia ya tabaka la juu yenye mapato hayohayo inakosa EWS. Kamati ya serikali iliyopitia suala hili ililiona, ikasema kipimo cha EWS ni kikali zaidi, kisha ikaacha kikomo kilekile cha laki 8.

Nini kingetokea kama kipato kingekuwa kipimo pekee kwa watu wote? Wapo wanaolipigia debe hilo kwa nia njema. Mimi naona matatizo mawili. La kwanza ni ushahidi: katika uchumi ambao wengi hawana hati ya mshahara, cheti cha kipato ni neno la mwombaji na saini ya ofisa, na mwenye duka kubwa hujua kulipunguza duka lake kwenye karatasi. Tabaka ni gumu zaidi kulighushi, kwa sababu kijiji kizima kinajua. La pili ni kwamba dhiki ya tabaka haiishii mfukoni. Ndani ya IIT zenyewe, njia ya adabu ya kumuuliza mtu tabaka lake ni kumuuliza alishika nafasi ya ngapi kwenye mtihani wa kuingilia. Mwaka 2023 IIT Bombay ililazimika kuandika kwenye mwongozo wake kwamba kuuliza hivyo haifai. Anayeulizwa si lazima awe maskini; yule kijana wa Delhi mwenye baba ofisa naye anaulizwa.

Kipimo cha tatu: ulikotoka na uliposomea

Hiki hakijulikani sana nje ya India, na kwangu ndicho kinachostahili kusikika zaidi.

Chuo kikuu cha Jawaharlal Nehru, Delhi, kwa miaka mingi kiliwaongezea pointi chache waombaji waliotoka wilaya zilizo nyuma, na wanawake pia. Mtu hakutengewa kiti. Aliongezewa alama, akarudi kwenye foleni ya wote. Utaratibu ulifutwa miaka ya 1980, ukarudishwa miaka ya 1990 kwa shinikizo la wanafunzi, na baadaye ukapunguzwa tena. Uliwafikia wanawake wa vijijini, walewale ambao ule utafiti wa 2010 ulionyesha wanaachwa na mgawo wa tabaka.

Tamil Nadu ilikwenda njia nyingine. Baada ya mtihani wa taifa wa udaktari, NEET, kuanza kutumika huko mwaka 2017, wanafunzi wa shule za serikali karibu watoweke kwenye vyuo vya udaktari. Waliopita walihesabika kwa vidole, kwa sababu NEET inahitaji tuisheni na tuisheni inahitaji fedha. Mwaka 2020 jimbo likatunga sheria: asilimia 7.5 ya viti vya udaktari ni vya waliosoma shule za serikali kuanzia darasa la 6 hadi la 12. Mwaka wa kwanza tu waliingia kwa mamia. Na utamu wake ni huu: viti hivyo vya 7.5 navyo hugawanywa kwa ule mgawo wa tabaka wa jimbo. Vipimo viwili vinafanya kazi pamoja, hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Faida yake kubwa ni ushahidi. Rejista ya shule ya miaka saba haiandikwi upya kwa usiku mmoja. Wala mwenye fedha hatamtoa mtoto shule binafsi miaka saba mizima ili awinde 7.5, na akimtoa, basi shule ya serikali imepata mzazi mwenye sauti, jambo ambalo silioni kuwa hasara.

Udhaifu upo. Pointi za wilaya humpa pia mtoto wa tajiri wa wilaya maskini, naye mara nyingi ndiye mwenye habari za kuomba. Na mtoto wa fundi wa mjini anayebanwa na ada ya shule binafsi ya uchochoroni, ambayo si bora kuliko ya serikali, anaachwa nje kabisa.

Na sifa, je?

Hoja ya kwamba mgawo unaua sifa naipita haraka, kwa sababu wanaoitoa huichagua mahali pa kuipeleka. Vyuo binafsi vya udaktari India vinaruhusiwa kuweka hadi asilimia 15 ya viti kwa Wahindi waishio ng'ambo, kwa ada ya juu na mara nyingi kwa alama za chini. Familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki na Ghuba zinazijua nafasi hizo. Ni nadra kusikia mtu amefunga barabara kudai sifa ya wale.

Palipo na ukweli ni kwenye alama za kuingilia. Katika mtihani wa IIT, SC na ST wanaruhusiwa kufika nusu ya alama za chini za waombaji wa kawaida. OBC na EWS wanatakiwa asilimia 90 ya alama hizo. Mwanafunzi aliyeingia kwa nusu anahitaji msaada wa masomo mwaka wa kwanza. IIT zina mwaka wa matayarisho kwa baadhi ya wa SC na ST, na huo ndio uungwana. Kumpa mtu kiti na kumwacha azame ni jambo jingine.

Wale wanne, kwa kila kipimo

| Mwombaji | Tabaka kama lilivyo | Tabaka lililogawanywa ndani | EWS ya sasa | Shule ya serikali |
|---|---|---|---|---|
| Binti wa Gaya | Anaruhusiwa, anashindana na wa Delhi | Ana fungu lake | Hapana | Ndiyo |
| Kijana wa Delhi | Anaruhusiwa, anatangulia | Anashindana na wa hali yake | Hapana | Hapana |
| Mtoto wa mpishi | Hapana | Hapana | Ndiyo, msongamano | Inategemea shule |
| Myadav | Ndiyo, mara nyingi | Anabanwa | Hapana | Hapana |

Kama unachotaka ni madarasa na ofisi zisizo za watu wa aina moja, chukua tabaka, nawe ukubali kwamba mtoto wa ofisa atanufaika. Uwepo wake mle ndani nao una maana, kwa sababu ni yeye anayeulizwa nafasi yake kwenye mtihani. Kama shabaha yako ni kumwinua aliye chini kuliko wote, chukua tabaka lililogawanywa ndani, uongeze na shule ya serikali. Kama roho inakuuma kwa mtoto wa mpishi, usiifute EWS; shusha kile kikomo cha laki 8 hadi kimfikie yeye kweli, na umruhusu maskini wa tabaka lolote aingie. Kuchukua kipato peke yake na kufuta tabaka sikushauri, na takwimu za Sinho zinatosha kuonyesha ni nani angelipia.

Kila mgawanyo wa ndani unahitaji hesabu ya watu, na India haijatangaza hesabu kamili ya watu wake kwa tabaka tangu ile ya 1931. Bihar ilifanya ya kwake mwaka 2023, ikakuta matabaka ya nyuma kabisa peke yao ni zaidi ya asilimia 36 ya watu wa jimbo. Aprili 2025 serikali kuu ilikubali kuweka swali la tabaka kwenye sensa ijayo ya taifa. Mpaka takwimu hizo zitoke, 27 ya OBC imesimama juu ya makadirio ya tume ya Mandal ya mwaka 1980, ambayo yenyewe yalijengwa juu ya sensa ya wakati wa Waingereza.